Kipande cha Shaba Kwenye Ubao wa Cordelia

Picha ilikuwa ndogo, na Varo Quintanar aliisogeza dirishani ili aione vizuri. Ilionyesha ubao mweupe wenye misumari iliyopangwa safu kwa safu, na kwenye misumari vimening'inia vipande vya shaba, kila kimoja na jina la mtu. Jina lake lilikuwa safu ya pili. Lilifuatana na la rafiki yake Leland Stuckey, kama ndugu wawili waliokaa benchi moja kanisani.

"Huu ni ubao wa Cordelia," alisema Bi. Terzian, wakili wake. "Nyapara huupiga picha kila asubuhi na kuituma ofisini nchi kavu. Hii ni ya asubuhi ileile uliyofukuzwa kazi."

Varo akasema asubuhi ile hakuwako Cordelia. Hakuikanyaga siku hiyo, wala siku nyingine yoyote maishani mwake.

Bi. Terzian hakubisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, asiyekuwa na haraka, ambaye kila Alhamisi aliwasaidia wafanyakazi bila malipo katika chumba cha nyuma ya kanisa pale Oxnard. Alichukua kalamu akachora mstari wa pwani, kisha mwingine mbali kidogo. Katikati ya mistari hiyo, akaeleza, ni maji ya jimbo la California, maili tatu za bahari. Nje ya mstari wa pili ni maji ya taifa zima. Ndani akatia nukta: Ramona. Nje akatia nyingine: Cordelia. Ni majukwaa mawili ya mafuta, ya kampuni moja, na siku ya anga safi mtu wa huku humwona wa kule akianika nguo.

"Mtu akiwa Ramona, sheria ya kazi ya jimbo inamfuata kama kivuli chake," alisema. "Mtoto akiugua, ana haki ya kwenda kumuuguza, na mwajiri hawezi kumfukuza kwa hilo. Akiwa Cordelia, kwa jambo hili, kampuni itasema jimbo limebaki nyuma na mwenye neno ni serikali ya taifa zima, yaani shirikisho. Na sheria ya shirikisho inataka kwanza uwe umetimiza mwaka kazini. Wewe hujatimiza."

"Kwa hiyo nimeonewa au sikuonewa, inategemea chuma nilichokuwa nimesimama juu yake."

"Kwa shauri hili, ndiyo."

Varo akairudia picha. Shaba ilikuwa inang'aa kama iliyosuguliwa jana.

Siku yenyewe aliikumbuka bila kujitahidi. Kwa miezi tisa alikuwa mtu wa Ramona: asubuhi boti, jioni boti, usiku analala kwake. Kisha wakaambiwa Ramona inapunguzwa watu, na yeye atahamia Cordelia, ambako watu hukaa wiki mbili hawajaona nchi kavu. Asubuhi ya kuhama, boti ilimshusha Ramona afungashe vifaa vyake, ikaendelea na wenzake, Leland akiwa mmoja wao. Ingemrudia baadaye. Ukungu wa bahari ulikuwa umechanganyika na moshi, kwa maana vilima vya nyuma ya Santa Paula vilikuwa vikiungua tangu juzi.

Kabla boti haijarudi, mkewe Maricruz akapiga simu. Moshi umeshuka mpaka mjini, na pumu ya binti yao Itzel, wa miaka sita, imembana hata midomo imegeuka rangi. Wako hospitali. Varo akashika redio, akamwambia nyapara wake mpya, Brice Hadlock, aliyekuwa Cordelia, kwamba anakwenda kwa mtoto. Hadlock akamjibu kwamba asipofika Cordelia leo, asijisumbue kufika tena. Boti ilipokuja, Varo akapanda, akarudi gatini. Itzel alipona. Kazi haikupona, na ile bima ya kazi iliyokuwa ikilipia dawa za kifua cha mtoto ikaenda nayo.

Sasa kampuni inasema alikuwa amekwisha kuingia Cordelia na akatoroka. Mzee Abenoja wa pampu za Ramona alipoulizwa, alisema alikuwa chini na mitambo yake, hakuona nani kaondoka wala saa ngapi. Nahodha wa boti alisema yeye huhesabu vichwa, hatazami nyuso. Simu hushika kwenye majukwaa yote mawili. Na redio haisemi msemaji amesimama wapi.

"Yupo mtu mmoja anayejua," Varo akasema. "Cordelia haina ngazi ya kupandia kutoka botini. Unaingia kwenye kikapu, winchi inakuinua. Kushuka ni vivyo hivyo. Na mwendesha winchi ni Leland."

"Atasema?"

Varo nusura acheke. Leland Stuckey ndiye aliyemshika Itzel ubatizoni. Tangu siku ile hawakuitana tena kwa majina. Walikuwa kompadre, na kompadre si rafiki tu wa kunywa naye bia. Ni mtu aliyeapa mbele ya padri.

Jioni hiyo alimpigia Leland. Simu iliita mpaka ikachoka. Kesho yake vilevile.

Jumapili ndiyo iliyomtia wasiwasi wa kweli. Kila Jumapili aliyokuwa nchi kavu, Leland alikuwa akija kwao na pande la nyama, akaliweka juu ya makaa ya mwaloni, na hakumruhusu mtu yeyote aliguse mpaka aseme yeye. Maharage yalikuwa ya Maricruz, nyama ilikuwa ya Leland, na ugomvi juu ya chumvi ulikuwa wa wote. Jumapili hiyo hakuja. Iliyofuata hakuja. Gari lake lilionekana likipita mtaani taratibu, likapunguza mwendo karibu na geti, kisha likaondoka.

"Mwenye mikono safi haogopi kunawa mezani kwa watu," Maricruz alisema huku akifunika sufuria.

Varo akamwambia asimhukumu mtu kwa sababu ya Jumapili mbili. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuhesabu mambo, akiyapanga moja juu ya jingine kama mtu anayejenga ukuta asiotaka kuuona. Kwenye duka la mikate, mke wa fundi mmoja alimwambia Maricruz kwamba Leland amepandishwa cheo, sasa anasimamia winchi zote za kampuni. Lini? Baada tu ya Varo kufukuzwa. Tena, wiki ile ya moshi, nani alijua kwamba kifua cha Itzel kimeanza kukoroma? Varo alimwambia mtu mmoja tu, gatini, wakisubiri boti. Kama kampuni ilijua mapema kwamba atataka kwenda kwa mtoto, isingeshindwa kumtundikia jina upande wa pili wa mstari kabla hajaomba.

Na kulikuwa na lile neno. Siku moja kabla ya kuhama, Leland alimpiga begani akamwambia, "Ukija Cordelia, usihangaike na malazi. Hilo niachie mimi." Wakati ule lilikuwa neno la upole. Lakini maneno ni kama nyama, yakikaa sana bila kuliwa huanza kunuka. Varo alilala nalo, akaamka nalo, na kila asubuhi lilizidi kuharibika.

Jumamosi moja alasiri alishindwa, akaenda.

Leland aliishi mtaa wa Avenue, kule Ventura, ambako nyumba za watu wa mafuta zimebanana tangu enzi za babu zao. Alimkuta anaosha gari ambalo lilikuwa safi. Kupitia dirisha la sebule, Varo alimwona Darlene, mke wa Leland, ameketi kitini na mirija miwili mkononi, na kando yake mashine ya kusafisha damu inapepesa taa. Darlene alimpungia kwa mkono uliokuwa huru. Leland hakumkaribisha ndani.

"Kompadre. Umekonda. Maricruz kagoma kupika?"

"Anapika. Wewe ndiye uliyegoma kula."

Leland alicheka kidogo, akakamua kitambaa. Akasema kazi mpya inamla muda. Winchi za siku hizi zinataka kubembelezwa kama mama mkwe. Varo akasubiri mzaha uishe. Ulipoisha, akauliza alichokuja kuuliza: je, siku ile alimpandisha Cordelia?

"Kulikuwa na ukungu," Leland akasema. "Siku ya ukungu mimi naona ndoano tu."

"Sikuuliza uliona nini. Nimeuliza kama ulinipandisha."

Leland alifuta kioo ambacho hakikuwa na doa. Akasema kampuni imemwita kuwa shahidi wao, na imemwagiza asizungumze na Varo kabla ya siku hiyo.

"Na wewe umeanza lini kuwa mtiifu?"

"Tangu ile mashine iingie sebuleni."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akikata majani, na harufu yake mbichi iliwafikia. Varo akasema ameona picha. Jina lake liko kando ya la Leland, msumari kwa msumari. Vipande vya watu wote wa Cordelia hukaa ndani ya sanduku chini ya ubao, kwa hiyo hakikuruka chenyewe. Nani alikitundika?

Leland alitazama barabara, kisha dirisha la sebule, kisha maji yaliyokuwa yakitiririka kwenye mfereji.

"Nenda nyumbani, Varo," akasema.

Njia nzima ya kurudi, kilichomuuma Varo hakikuwa swali lililokosa jibu. Ni kuitwa kwa jina.

Alhamisi alimwambia Bi. Terzian amwondoe Leland kwenye hesabu. Amenunuliwa, akasema, na bei yake anaijua. Bi. Terzian alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema amewaona watu wengi walionunuliwa, na kwa kawaida hao ndio huwa wepesi wa kukaribisha watu ndani na kuwapa kahawa. Huyu amenyamaza tu. Mtu aliyenyamaza hajasema uongo bado.

"Nitamuuliza swali moja," alisema. "Halitahusu ukungu."

Shauri lilisikilizwa katika chumba kidogo cha ofisi ya kazi ya jimbo, chenye meza ndefu na mtungi wa maji ambao hakuna aliyeugusa. Afisa aliyekaa mwisho wa meza aliitwa Kessinger, mtu mwembamba aliyerudia kila jibu kwa sauti ya chini kabla ya kuliandika. Alisema kwanza kabisa ataamua jambo moja: siku ile Quintanar alikuwa wapi. Kama alikuwa Cordelia, ofisi yake haina la kusema, na wote waende zao.

Hadlock alitangulia. Alikuwa mtu mnene mwenye shingo nyekundu, na aliongea vizuri. Akaeleza kwamba ubao si pambo. Jukwaa likishika moto, watu huhesabiwa kwa vipande, na mashua ya kuokolea haiondoki mpaka hesabu itimie. Kipande kikiwa msumarini, mtu yumo. Kikiwa sandukuni, mtu hayumo. Bahari yote inaendeshwa hivyo.

"Watu hudanganya," akasema akimtazama Varo. "Kipande hakidanganyi."

Kisha akaitwa Leland. Varo alikuwa ameapa kutomtazama, lakini alimtazama. Alikuwa amevaa suti ileile ya kijivu ya ubatizo wa Itzel, sasa imembana tumboni. Alipokuwa akikaa, jicho lake halikumtafuta Varo. Lilienda kwa Hadlock, na Hadlock akainamisha kichwa kidogo sana, kama mtu anayemwitikia mwenzake kwenye biashara. Varo aliiona ile ishara, na ule ukuta aliokuwa akiujenga ukapata tofali la mwisho.

Wakili wa kampuni aliuliza kama kulikuwa na ukungu. Ulikuwapo. Je, katika ukungu kama ule, mwendesha winchi anaweza kutambua sura za watu walio kwenye kikapu? Hawezi, Leland akasema. Basi hawezi kusema kwa yakini kwamba Quintanar hakuwamo? Leland akasema sura hakuziona. Wakili akashukuru akakaa. Hadlock akaegemea kiti.

Bi. Terzian hakusimama.

"Bwana Stuckey, asubuhi ile wewe ulipandishwa na kikapu cha kwanza, ukaingia kwenye winchi. Baada ya kuwapandisha wenzako, uliteremsha kikapu tena siku hiyo?"

Leland aliweka mikono yake mezani. Ilikuwa mikono mikubwa, na alionekana hajui aifanye nini.

"Hapana," akasema.

"Hata mara moja?"

"Ukungu ulizidi. Kikapu nilikifunga kwa kamba. Kilikaa hivyo mpaka kesho yake."

"Je, yupo mtu aliyetoka Cordelia siku hiyo kwa njia nyingine?"

"Kwa njia nyingine ni kuogelea, bibi."

Bwana Kessinger alilirudia jibu kwa sauti ya chini, akaliandika, kisha akaweka kalamu. Akasema haelewi. Ikiwa hakuna aliyetoka Cordelia, na Quintanar jioni ile alikuwa hospitali nchi kavu, basi hakuwahi kuingia Cordelia. Kile kipande kilifikaje msumarini?

Wakili wa kampuni alianza kusema kitu. Leland akamtangulia.

"Mimi ndiye niliyekitundika."

Akaeleza polepole, kama mtu anayeshusha mzigo mzito gizani. Cordelia ina vitanda vizuri vichache, vile vya chini, upande wa mbali na mashine ya hewa. Vingine vyote vinatetemeka usiku kucha mpaka meno yanagongana. Vitanda hugawiwa kwa kufuata ubao: kipande kikitundikwa mapema, mwenyewe hupata kitanda kizuri. Kwa hiyo mtu akifika na boti ya kwanza na rafiki yake yuko kwenye ya pili, humtundikia. Wanaita kumtandikia mwenzako. Watu wa Ramona hawalijui hilo, kwa sababu hulala majumbani mwao.

"Quintanar mgongo wake ni mbovu," akasema. "Nilijua atakuja mchana. Nikamtandikia."

Wakili wa kampuni alimuuliza kama anajua adhabu ya kutundika kipande cha mtu asiyekuwapo.

"Imeandikwa juu ya ubao wenyewe kwa rangi nyekundu. Kufukuzwa siku hiyohiyo."

"Na bado ulifanya?"

"Sote tunafanya. Muulize Bwana Hadlock analala kitanda gani, na nani humtundikia akichelewa boti."

Shingo ya Hadlock ilipanda rangi mpaka masikioni. Ndipo Varo alipoelewa kwamba huyu alijua. Alipoituma ile picha kwa mawakili, alijua kwamba kipande cha asubuhi hakithibitishi kitu ila urafiki, na alijua pia kwamba mwenye urafiki huo hatathubutu kufungua kinywa, kwa sababu ya bima inayolipia ile mashine ya sebuleni mwake. Kumbe ule ukuta wa mashaka aliujenga yeye Varo, lakini tofali alikuwa akiletewa na Hadlock.

Bwana Kessinger hakutoa hukumu ya shauri zima. Alisema tu kwamba ameridhika: Quintanar alikuwa Ramona, ndani ya maili tatu, na kufukuzwa kwake kutapimwa kwa sheria ya California. Maricruz, aliyekuwa ameketi nyuma, alifunika uso kwa viganja. Bi. Terzian akamnong'oneza Varo kwamba sasa mlango umefunguka, na kwa sheria hiyo haoni kampuni itapita wapi.

Nje, kwenye maegesho, Leland alikuwa amesimama kando ya gari lake, tai ameilegeza. Varo alimfuata. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa na haya ndani yake, akaanza na lililokuwa karibu. Akamuuliza kwa nini hakumwambia siku ile nyumbani.

"Sikuwa nimeamua," Leland akasema. "Nilipita mtaani kwako mara nyingi, nikashindwa kusimama. Asubuhi hii nimevaa suti sijaamua bado."

"Hadlock alikuitikia kwa kichwa. Nilimwona."

"Alinipa kile cheo ili niseme maneno mawili tu: naona ndoano. Ningeyasema, nikaenda zangu." Akaitazama tai yake. "Darlene ndiye aliyenifunga hii. Hakuniambia niseme nini. Alikaza tu kidogo kuliko kawaida."

Kwa hiyo sikumdhania bure, Varo aliwaza, wala sikumdhania sawasawa. Hakujua alipeleke wapi wazo hilo, akaliacha.

"Kilikuwa kitanda kizuri," Leland akasema. "Cha pembeni kabisa. Hukukilalia hata siku moja, kompadre."

Ng'ambo ya maegesho, Hadlock alikuwa ndani ya gari lake, simu sikioni, macho kwao. Hakuwasha gari. Bi. Terzian alitoka na mkoba wake, akawaona wote watatu, akaja waliposimama Varo na Leland.

Varo akamuuliza. Yeye mwenyewe sasa yumo mikononi mwa jimbo, vyema. Lakini huyu hapa je? Wakimfukuza kwa yale aliyosema leo, atasimamiwa na sheria ipi?

Bi. Terzian aliweka mkoba juu ya boneti ya gari, akatafuta kalamu na karatasi tupu, akachora mstari wa pwani, kisha mwingine mbali kidogo.

"Bwana Stuckey," akasema, "ulipokitundika kile kipande, ulikuwa umesimama wapi?"

Leland akamtazama Varo, na Varo akautazama ule mstari wa pili.

"Cordelia," akasema Leland.